Fulaga, visiwa vya Lau: mapokezi ya kijiji kwa wanaofika kwa tanga

Fulaga (wengine huandika Vulaga, na hutamkwa Fulanga) ni kisiwa cha mawe ya chokaa kusini mwa visiwa vya Lau, mashariki ya Fiji. Hakuna hoteli, gati wala kiwanja cha ndege. Meli ya mizigo hufika kwa kubahatisha, na wiki kadhaa zaweza kupita bila ya kuonekana. Anayekuja na mashua yake ya tanga hutoa furushi la yaqona, mizizi ya kinywaji cha jadi, kwa mkuu wa kijiji, hulipa ada ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa dola 50 za Fiji kwa chombo, kisha hukabidhiwa familia moja iwe mwenyeji wake kwa muda wote atakaotia nanga. Mpango huo ndio unaopimwa hapa: unatoa nini, unagharimu nini hasa, na nani asijisumbue kwenda.

Jibu la mkato: mwenye siku kumi za kukaa hatapata mahali pengi Pasifiki penye mapokezi ya namna hii. Mwenye siku mbili au tatu afadhali apite. Gharama kubwa ya kijiji iko siku ya kwanza, pale watu wanapoacha mashamba ili wakupokee, na gharama kubwa ya mgeni iko kwenye safari ya kufika. Ukiondoka kesho yake, pande zote mbili zimepata hasara.

Safari yenyewe ni mzigo, na watu wengi huipuuza. Upepo wa msimu huko huvuma kutoka kusini-mashariki, noti (maili za baharini kwa saa) 15 hadi 25, nayo Fulaga iko upande huohuo unakotoka upepo. Anayetoka Tonga hupita karibu kabisa na Lau, lakini haruhusiwi kutia nanga wala kushusha mtu kabla ya kukamilisha taratibu za forodha, uhamiaji, afya na usalama wa viumbe kwenye bandari rasmi ya kuingilia, kama vile Savusavu au Suva. Kwa hiyo huteremka na upepo hadi Savusavu, kisha hurudi kama maili 190 za baharini akibisha, yaani akienda kwa kupindapinda dhidi ya upepo. Kukatisha njia ukasema utamalizana na maofisa baadaye ni kosa la kisheria. Tena kijiji chenyewe kitakuuliza barua.

Barua hiyo ni kibali cha kutembelea visiwa, kinachotolewa kupitia ofisi zinazoshughulikia mambo ya iTaukei, yaani wenyeji wa asili wa Fiji. Taja ndani yake visiwa vyote unavyofikiria kwenda, hata vile usivyo na hakika navyo, kwa sababu kuongeza jina ukiwa tayari Lau ni kazi isiyowezekana. Piga nakala nne au tano. Forodha nao wanataka ruhusa ya kusafiri kati ya sehemu na sehemu ndani ya nchi. Hiyo ni karatasi tofauti na kibali, na wageni wengi huzichanganya hizi mbili.

Usiondoke Savusavu kwa kuangalia kalenda. Subiri upepo wa kusi-mashariki ulegee au ugeukie kaskazini, jambo linalotokea pale mkanda wa mvua unapopita, na ukipata saa 36 za upepo wa pembeni, chukua. Ukilazimisha kubisha siku tatu dhidi ya noti 25 na mawimbi mafupi kati ya visiwa, utafika na tanga lililochanika na wafanyakazi wasiotaka kusikia habari ya kijiji chochote. Jambo jingine dogo lenye usumbufu mkubwa: Savusavu iko longitudo ya mashariki na Fulaga iko longitudo ya magharibi, maana mstari wa nyuzi 180 unapita katikati. Baadhi ya vifaa vya ramani huchora njia inayozunguka dunia nzima kwa upande wa pili. Andika vituo vyako kimoja kimoja, na uhakiki herufi za mashariki na magharibi kwa macho yako. Tarehe haibadiliki, Fiji yote inatumia siku moja.

Kisiwa kimezunguka ziwa la bahari lililojaa vijisiwa vya mawe vilivyoliwa na maji kwa chini vikabaki kama uyoga. Ni pazuri kweli, na picha hazidanganyi. Lakini kuingia ni kupitia mlango mmoja mwembamba kwenye mwamba wa matumbawe, na hapo ndipo watu huharibikiwa. Mawimbi ya kusi-mashariki humwaga maji juu ya mwamba upande wa upepo mchana na usiku, na maji hayo lazima yatoke kwa mlango huo huo. Matokeo yake, mkondo wa kutoka hudumu zaidi kuliko jedwali la maji kujaa na kupwa linavyosema, na wakati wa maji kusimama hausomeki kwa saa ya bandari. Siku za bamvua, baada ya siku kadhaa za upepo mkali, mkondo huweza kuushinda mtambo mdogo, na unapokutana na upepo wa mbele, mdomo wa mlango huchafuka.

Dawa ni kufika mapema na kungoja nje, ukitazama maji kwa darubini. Maji yakilainika mlangoni, ingia bila kusita, mtambo ukiwa umewashwa na tanga limeshushwa, mtu mmoja akiwa juu mlingotini na miwani inayoua mng'ao. Chagua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kumbuka kwamba huko mwezi wa Juni jua la adhuhuri linasimama upande wa kaskazini na halipandi zaidi ya nyuzi 48 hivi. Ukielekea kusini una jua mgongoni na matumbawe yanaonekana kama yamechorwa. Ukielekea kaskazini mwanga unakupiga usoni na jiwe la mita moja linajificha. Picha za satelaiti zilizopakuliwa kabla ya safari zinasaidia kuliko ramani za zamani, ambazo hutofautiana na jipiesi. Lakini picha haioneshi kina.

Ndani, sehemu ya kutia nanga iliyo karibu na njia ya kijijini ni mchanga wenye vichwa vya matumbawe huku na huku. Mnyororo usio na maboya hujizungusha kwenye kichwa kimoja, na upepo ukigeuka usiku unabaki umefungwa kwa kamba fupi kama mbuzi. Funga boya dogo mita kumi kutoka kwenye nanga na jingine kila baada ya mita tano au sita, ili mnyororo uelee juu ya matumbawe. Inakuokoa wewe, inayaokoa na matumbawe, ambayo ni mali ya watu: maji yote hayo yako chini ya haki ya uvuvi ya wenyeji, inayoitwa qoliqoli.

Sasa yaqona, kwa sababu bila hiyo hakuna huduma nyingine. Ni mizizi ya mmea unaojulikana pia kama kava, hupondwa na kunywewa kwa maji. Udongo wa Fulaga ni haba, umekaa kwenye mifuko kati ya mawe. Muhogo unaota, yaqona haioti ya maana. Ndiyo maana furushi la mizizi lina uzito pale kuliko katika visiwa vya Taveuni au Kadavu inakolimwa. Nunua sokoni Savusavu au Suva, na sema unataka waka, yaani mizizi myembamba, iliyofungwa kwa ajili ya sevusevu, yaani tendo la kukabidhi yaqona kwa mkuu. Unga wa yaqona wa kwenye mfuko ni wa kunywa, si wa kukabidhi. Furushi la kawaida ni nusu kilo. Kwa Fulaga peke yake chukua mafurushi manne kwa uchache: moja la kumkabidhi mkuu, moja la familia ya mwenyeji, moja la kuagia, na moja la jambo usilolitarajia, kama msiba au harusi. Bei hupanda na kushuka, na isikushangaze kilo ikizidi dola 100 za Fiji. Hapo unaona kwamba zile dola 50 za ada ndiyo sehemu ndogo ya matumizi.

Mizizi huota ukungu haraka ndani ya chombo. Usiifungie kwenye plastiki. Iache kwenye karatasi ya gazeti, itundike kwenye wavu mahali penye hewa, mbali na dizeli. Furushi linalonuka mafuta litapokewa kwa adabu na halitanywewa.

Kabla ya kukabidhi, hakuna kuogelea, kuvua, wala kupiga picha ufukweni. Nanga ikishashika na mchana bado upo, vaa, shuka. Wanaume na wanawake hufunga sulu, kitambaa cha kiunoni kinachovuka magoti, na mabega yawe yamefunikwa. Kofia na miwani ya jua huvuliwa kabla ya kuingia kijijini, na mkoba hubebwa mkononi, haupachikwi begani. Kijiji cha mkuu, Muanaicake, kiko upande wa pili wa kilima, kama nusu saa kwa miguu. Maji yakipwa, kihori hukwama mbali na ufuko, kwa hiyo panga saa za kwenda na kurudi kwa maji, usije ukakiburuta gizani kwenye matope.

Mtu wa kwanza utakayemkuta mwombe akupeleke kwa turaga ni koro, msimamizi wa kijiji anayeshughulika na wageni na kazi za kila siku. Huyu siye mkuu wa jadi. Wageni wanaomkabidhi yeye furushi wakidhani wamemaliza huwatia watu katika aibu ya kuwasahihisha. Yeye ndiye atakayekupeleka. Mlangoni viatu nje, inama ukipita mbele ya watu waliokaa, keti kwa kukunja miguu, nyayo zisimwelekee mtu. Furushi liweke mkekani mbele yako, usimtie mkuu mkononi. Msemaji atazungumza kwa Kifiji kwa niaba yako, patakuwa na makofi ya kina kwa viganja vilivyokunjwa, mkuu atalipokea, na kuanzia hapo u mtu wa kijiji. Barua ya kibali itoe ukiombwa, na ada lipa kwa noti ndogondogo, kwa kuwa hakuna benki wala chenji.

Ukiletewa kikombe cha kifuu, yaani bilo, piga kofi moja, sema "bula", kunywa chote kwa mkupuo, rudisha, kisha piga makofi matatu. Mdomo utakufa ganzi kidogo. Kikao cha jioni chaweza kudumu kwa muda wa saa nne au tano na hakuna anayekulazimisha ukae chote. Omba kikombe kisijazwe, na watu wataelewa. Usichanganye na pombe, na usipange kuvuka mlango asubuhi inayofuata, maana mwili huwa mzito na macho hayana kasi.

Sehemu bora ya mpango mzima ni familia ya mwenyeji. Vijiji vingi vya Fiji hukupokea kisha hukuacha. Hapa jina lako huandikwa pamoja na la nyumba fulani, na nyumba hiyo inawajibika kwako. Watakutafutia mtu wa kukuonesha njia, watakuambia samaki yupi wa mwamba haliwi, watakukaribisha chakula cha Jumapili baada ya ibada. Kwa anayetaka kujifunza kusuka ukili, kuchonga, au kukuna nazi kwa namna yao, milango iko wazi. Zamu huzungushwa, kwa hiyo manufaa ya wageni hayabaki kwa nyumba mbili zilizo karibu na njia, kasoro unayoiona kwingi.

Lakini mpango huu una deni ndani yake, na hakuna atakayekutajia kiasi. Mwenyeji anakupa samaki, muhogo, mapapai, muda wake. Anayedhani dola 50 zimelipia hayo amekosea. Ada huingia kwenye kazi za kijiji, siyo jikoni kwa mama aliyekupikia. Unarudisha kwa vitu. Unga, sukari, mchele, chai, mafuta ya kupikia na sabuni, kilo mbili mbili, kila baada ya siku chache, ni bora kuliko sanduku kubwa la siku ya mwisho. Petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili kwa ajili ya mashine za boti, hata lita kumi, ina thamani kubwa kuliko zawadi yoyote ya dukani. Miwani ya kusomea ya nguvu ya 1.5 hadi 3, ndoana za ukubwa tofauti, mishipi, msasa, patasi, gundi ya faibaglasi na kitambaa chake, uzi na sindano za cherehani: hivi hutumika siku hiyohiyo. Peremende kwa watoto ufukweni ziache. Pombe usilete. Dawa za kuua bakteria (antibiotiki) usigawe hata ukiombwa, kwa sababu hutakuwepo mgonjwa akizidiwa. Na kila kitu kipitie kwa mwenyeji, usimgawie yeyote anayekuja na kihori pembeni ya chombo.

Kuna ombi utakalolipata kwa hakika: kutengeneza vitu. Betri za sola, jenereta, mashine za boti, simu. Ukiwa na kipima umeme na ujuzi, hiyo ndiyo zawadi kubwa. Kama huna ujuzi, sema mapema. Kufungua mashine ya mtu kisha kumwachia vipande kwenye ndoo ni kumnyima mashine, na kipuri kinachofuata kiko kwenye meli isiyojulikana siku yake.

Chakula: mgeni hula kwanza, wenye nyumba hula kitakachobaki. Sinia likija limejaa, si lako lote. Kula wastani, sifia, acha. Maji usiombe kabisa. Kisiwa cha chokaa hakina mito, wanategemea mvua kwenye matangi, na mashua yenye tangi la lita 400 isiyo na mtambo wa kusafisha maji ya chumvi ijipime kabla ya kuondoka Savusavu. Nazi zina wenyewe hata zilizoanguka. Kaa wa nazi uliza kwanza, na kasa usimguse.

Kuhusu vinyago nina la kulalamika kidogo. Lau, hasa Kabara na Fulaga, inajulikana kwa mti wa vesi na bakuli za miguu ziitwazo tanoa, na kazi ya wachongaji ni safi: ukuta wa bakuli ni sawasawa, miguu imetokana na kipande kilekile cha mti. Ila hakuna bei ya wazi. Nyumba moja itakutajia kiasi kidogo kwa aibu, nyingine itakutajia kikubwa kwa kuwa mgeni aliyetangulia alilipa hivyo. Mwulize mwenyeji wako bei ya haki kabla hujaoneshwa, na ukishaoneshwa usipunguze kwa ukali wa sokoni. Angalia kama mti umekauka: bakuli bichi lina uzito usio wa kawaida, nalo litapasuka ndani ya chombo chenye joto. Kagua pia matundu madogo ya wadudu na mabaki ya gome, kwa sababu maofisa wa New Zealand na Australia watayakagua kwa uangalifu kuliko wewe. Jino la nyangumi, tabua, usinunue kamwe. Ni kitu cha heshima chenye kazi zake, na kulivusha mpaka bila kibali cha biashara ya wanyama walindwao ni kesi.

Jumapili hakuna kuogelea, kuvua, kuteleza majini kwa nguvu ya upepo, wala kuendesha jenereta sitahani. Kanisani nyimbo ni za sauti kadhaa bila ala, na hata asiyesali hunufaika kwa kuonekana. Siku nyingine, ukitaka utulivu, hamia penye ulimi wa mchanga. Pana kinga nzuri zaidi upepo unapokaza. Mjulishe mwenyeji unapohama, maana chombo kikitoweka bila neno watu huanza kutafuta.

Kasoro za huduma ni hizi. Simu hushika kwa kusuasua, kwa hiyo taarifa za hali ya hewa zipate kwa njia yako mwenyewe. Mashua zikizidi kumi kwa wakati mmoja, kati ya Juni na Septemba, kijiji huchoka na zamu za wenyeji hulegea. Utapewa familia, lakini watakuwa wamewapokea wengine wiki iliyopita. Taka hazina pa kwenda. Wenyeji wakikuambia waachie, usikubali: makopo, chupa na plastiki rudi nazo bandarini, na mabaki ya jikoni yasitupwe ndani ya ziwa, ambako maji hayabadiliki haraka. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga na hapafai. Winston cha Februari 2016 kilipiga kaskazini mwa Lau, Vanua Balavu, na kule kijiji kilichobomoka hakikuwa na pa kumweka mgeni wakati huo.

Mwenye chombo kinachozama zaidi ya mita mbili na nusu, au asiye na imani na mtambo wake, aende Vanua Balavu badala yake. Ni karibu zaidi na Savusavu, milango ni mipana, na adabu za sevusevu ni zilezile, ingawa hutapewa mwenyeji wa kudumu kama Fulaga.

Siku moja kabla ya kuondoka, peleka furushi la mwisho la kuaga, liitwalo itatau, pamoja na chochote cha stoo usichokihitaji hadi bandarini. Muulize mwenyeji saa ngapi maji yatatulia mlangoni. Wanavuka kila siku kwa boti zao, na jawabu lao ni sahihi kuliko la jedwali.